Mafuta ya Sangara Kichwani

Shuleni tulinyolewa vipara, kwa hiyo nilipomaliza niliapa kufuga nywele mpaka mabegani. Ilikuwa miaka ya uhaba, Musoma nzima haikuwa na sabuni wala mafuta ya nywele. Mama akayeyusha mafuta ya sangara, akanipaka kila Jumapili kabla ya kanisa. Yaliganda na vumbi yakawa ukoko. Kichwa kiliniwasha nikajikuna kwa sindano ya kushonea nyavu, na paka wa jirani akawa ananifuata kila niendako.

“Vumilia, zinakua,” mama alisema, naye akijipaka hayohayo.

Miaka ikapita, biashara huria ikaruhusiwa, bidhaa zikarudi madukani, nikanunua shampuu mtaa wa Mukendo. Kabla sijaifungua, mama akafa. Kwetu mfiwa hunyolewa, kwa hiyo nywele zangu hazikuwa na haja ya kuoshwa. Shampuu niliimalizia kwenye nywele za mama, tulipokuwa tunamwosha.