Upako Juu ya Wavu wa Rejeta

Leo nimemwona mtu mzima akiipaka mashine mafuta ya upako, kisha akashangaa ilipochemka.

Tulikuwa hapa kwetu Shirere. Tulikodi mashine ya kukatakata matawi ili vipande vyake vitandazwe juu ya tope, wabebaji wa jeneza la dada yangu wasiteleze kesho.

Mwenye mashine, Ndugu Shikuku, hujiita mtume.

Nilimwambia, "Ndugu, wavu wa rejeta ya kupozea injini umejaa vumbi la mbao. Izime, ipoe, uusugue."

"Mzee, hii imeombewa. Adui hawezi kuiziba!"

Akamimina chupa nzima ya mafuta juu ya wavu huo.

Mafuta, ndugu zangu. Juu ya vumbi la mbao.

Punde wavu ukaganda kama ukoko wa obusuma, ugali wetu. Mvuke ukafoka, injini ikanyamaza.

"Mzee, tuombe," akasema kwa upole.

"Mimi niliomba alfajiri. Sasa lete sabuni."

Ilipopoa, nilivua koti langu la msiba, nikausugua wavu kwa brashi ya kufulia. Nikageuza pia bomba la kutolea vipande, upepo usiturudishie vumbi. Kufikia saa tisa, njia ilikuwa imefunikwa hadi kaburini.

Shikuku akainua mikono. "Mmeona? Upako umejibu!"

Waombolezaji wote wakaitikia amina. Povu lilikuwa bado mikononi mwangu.

Na sasa naambiwa kesho ndiye atakayefunga maombi kaburini.

Nishaurini, wapendwa: nami niitikie amina?