Vidole vya Mama Marceline

Ninyi mliokula lituma kwenye bandari ndogo ya Kisangani, pale mitumbwi ya Yanonge inaposhusha watu, mlikula kazi ya Mama Marceline hata kama hamkumjua jina. Ndizi za hiyo lituma alizichemsha alfajiri, kisha akazitwanga pamoja na rafiki yake Françoise. Kinu kimoja, michi miwili, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Hawakuwahi kuigonganisha.

Halafu mchi wa Marceline ukaanza kuchelewa. Kwenye shina la kidole gumba alihisi kama mwiba, na karibu na kucha za vidole vingine vikaota vinundu vigumu. Asubuhi vidole viligoma kukunjika mpaka avitie kwenye maji ya moto. Alimwonyesha Françoise peke yake.

"Usiambie mutu."

"Dada, mimi niko kaburi."

Kaburi lenyewe, jamani, halikufukiwa. Wapiga kasia wakaanza kupita mbele ya meza wakitazama mto. Mwishowe Dady, mteja wa siku nyingi, akasema huku akicheka kwa aibu, "Mama, usikasirike. Françoise alisema uko na ukoma."

Marceline alikwenda kituo cha afya, kwa muuguzi Évariste. Évariste akamwambia afumbe macho, akamgusa kidole baada ya kidole kwa kipande cha pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia. Na ukikandamiza hapo nitakupiga, tonton."

"Basi si ukoma! Ukoma inaua hisia, na vidole vyako viko macho kabisa. Hii ni arthrose. Unajua ile kitu nyeupe ya kuteleza kwenye ncha ya mufupa wa kuku? Hata sisi tuko nayo, ni gegedu. Yako imechakaa, kiungo kinavimba, mufupa unaota vinundu. Haiambukize mutu."

"Itapona?"

Évariste akashusha sauti. "Gegedu hairudi, mama. Dawa itatuliza uchungu. Lakini usiache kutwanga, vidole vitakakamaa. Nenepesha mchi, usiubane sana na gumba. Siku vidole vinawaka, pumzika."

Marceline alirudi bandarini karibu akikimbia. Akaeleza yote: pamba, kuku, gegedu. Françoise alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, nimeelewa. Pole, dada. Lakini watu wameshasikia. Donc, wewe ukae kule nyuma umenye ndizi, mimi nitagawa chakula."

"Kule nyuma? Ni nani aliwaambia?"

Françoise akaangalia kinu. Marceline akabeba mchi wake.

Aliuzungushia mpira wa baiskeli mpaka ukanenepa, akanunua kinu kingine, akaweka meza yake hapo hapo bandarini, mikono juu, kila mtu aione. Ndipo siku moja Françoise akaja, wapiga kasia wakitazama.

"Nipe lituma, dada. Waone ninakula kwako."

Kwa kweli moyo wa Marceline ulilainika. Akamnyooshea lituma juu ya jani. Françoise akalishika pembeni kabisa, kwa ncha za kucha, vidole vyao visikutane.

"Kula basi," Marceline akasema. "Wanakutazama."

"Nitakula nyumbani."

Akaondoka. Wapiga kasia nao wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki Dady, akafungua kiganja chake chote. "Mimi nipe, Mama. Mukononi."

Marceline akampa. Kisha akashika mchi, akatwanga polepole, na kati ya pigo na pigo akawa anauachia nafasi mchi wa pili usiokuwapo.