Sketi Yangu ya Maua na Kiti cha Bembea

Sketi ikipotea kwa kamba ya nguo, mimi siamini upepo. Huku kwetu juu ya Molo, na hii baridi na ukungu, nguo inashinda hapo nje leo na kesho na bado inatoa maji. Mwizi gani atabeba sketi imelowa aache blanketi? Na ilikuwa ile yangu ya maua, ya marinda mengi, ya lastiki kwa kiuno, yenye naendea nayo kanisa.

Lakini hiyo mambo ya sketi ilikuja mwisho. Wacha nianze na mzee wangu.

Huyu mzee ameendesha lori maisha yake yote, anabeba viazi anapeleka Nairobi, anapeleka Mombasa, nikamzoea hivyo, mtu wa kuja na kwenda. Alipoacha kazi akakaa nyumbani kama mgeni mwenye haendi. Yeye anakaa veranda, mimi niko jikoni. Jikoni yangu ni ile ya moshi, iko kando na nyumba, na wanaume wa rika yake hawaingii huko kukaa. Wenzake wakisikia anaota moto na bibi yake watamcheka mpaka siku ya mazishi. Kwa hivyo nilikuwa nampelekea chai, ananiambia asante, narudi kwa moto wangu. Tulikuwa tunaongea tukipitana.

Halafu akaanza kuokota mbao.

Alitoa mbao za kitanda yetu ya zamani huko kwa stoo. Akatoa bolti kwa mkokoteni wenye ulivunjika gurudumu. Ng'ombe akapoteza mnyororo, nikamkuta amefungwa na kamba ya gunia, ananiangalia kama anataka kunishtakia mtu. Nikimuuliza mzee hizo vitu anapeleka wapi, anasema, "Nazitumia." Basi.

Huku kwetu mwanaume akikusanya mbao na haongei, wanawake wanajua. Bibi wa pili haanzi na maneno. Anaanza na nguzo, halafu mabanzi, halafu asubuhi moja unaona kanyumba kamesimama huko chini ya shamba na mtu anafagia mlango wake. Mamangu aliona hivyo. Alikuwa akichuna mboga, akainua kichwa, na kanyumba kako pale. Kwa hivyo mimi sikuwa naota.

Halafu mzee akaenda Kikopey, ati kuona rafiki yake wa barabara mwenye anatengeneza malori. Alirudi na njaa. Sasa wewe niambie. Kikopey ni hoteli za nyama choma, ni moshi kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata ukipita na gari umefunga dirisha unashuka ukinuka mbuzi. Huyu akarudi ananuka grisi na anaitisha githeri, mahindi na maharagwe ya nyumbani.

Nikapigia msichana wangu wa Nakuru.

"Mami," akasema, "baba ni mzee. Nani atamtaka?"

"Wewe hujui. Meno zake zote ziko."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza atajipanga. Sitaki kumpa nafasi ya kujipanga."

Akacheka mpaka simu ikakatika. Watoto hawa wa town wanafikiri mambo ya bibi wa pili iliisha.

Sasa kuna jirani yetu mjane, hapo kwa kona, mwanamke wa kicheko kubwa na kuku wengi. Bwanake marehemu alikuwa seremala. Nikaanza kuona mzee wangu akienda huko asubuhi na kurudi saa ya chai na vumbi ya mbao kwa nyusi. Anajipanguza mlangoni kabla hajaingia. Mtu hajipanguzi kama hana kitu anaficha.

Siku sketi ilipotea ndio nilisema imetosha. Nikabeba kikombe tupu, nikaenda kwa huyo mjane, ati naomba chumvi. Nikamkuta nje akilisha kuku.

"Karibu mama," akasema. Akaangalia kikombe, akaniangalia uso. "Unatafuta chumvi ama unatafuta mtu?"

"Chumvi. Lakini nikipata mtu pia nitabeba."

"Ako huko nyuma. Enda tu. Mimi nimechoka na kelele yake."

Nikazunguka nyumba. Mzee wangu alikuwa amepiga magoti kwa kibanda ya marehemu, ameshika randa, misumari kwa mdomo. Mbele yake kulikuwa na mbao nzito za bodi ya lori, bado ziko na rangi ya bluu huku na huku. Na juu ya mbao ilikuwa sketi yangu. Imetandazwa kama ngozi ya mbuzi, kila rinda limevutwa, na kando yake amechora alama na makaa.

"Sketi yangu inatafuta nini kwa boma ya mwanamke mwingine?"

Hakuweza kujibu na hiyo misumari. Akazitoa moja moja, polepole, na mimi nikamngojea.

"Nilikuwa nakupima," akasema.

"Unanipima niingie wapi?"

Maana mtu akipimwa akiwa hayuko, huwa ni jeneza ama ni uchawi.

"Ni kiti," akasema. "Ya bembea. Nataka kuitundika kwa veranda. Randa ni ya huyu mama, mbao nimepewa bure Kikopey. Jikoni kwako siwezi kukaa, na wewe hapo nje huna pahali pa kukaa. Nikaona nitengeneze pahali yetu."

"Si ungeniuliza upana?"

"Kuna siku nilikuuliza saizi ya nguo. Unakumbuka vile ulininyamazia?"

Mjane alikuwa amefika nyuma yangu, anacheka na kuku wake. Nikachukua sketi na nikaenda. Chumvi nilisahau.

Nilikuwa sijaamini, nitakwambia ukweli. Hata alipoileta, akatoboa ile boriti ya veranda, akapitisha bolti, akafunga mnyororo wa ng'ombe, mimi nilikuwa nasimama tu nimekunja mikono. Akapakia magunia ya viazi hapo kutwa nzima, ajue kama itashika. Ilishika. Akatoa magunia, akapanguza na mkono, akasema, "Kaa."

Tukakaa, yeye huko, mimi huku. Na katikati pakabaki nafasi.

Nikaangalia hiyo nafasi. Ilikuwa ya mtu mzima.

"Baba watoto," nikasema. "Hapa ni pa nani?"

Akaangalia, akashtuka mwenyewe. Alikuwa amepima marinda, si mimi. Sketi ya lastiki ukiitandaza inaweza kukalisha kwaya.

"Ni ya chupa ya chai," akasema.

"Chupa ya chai haina matako makubwa hivi."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilifikiria mamangu na ile mboga yake. Halafu nikainuka, nikasukuma makalio, nikakaa katikati kabisa. Ile kiti ikatulia vizuri. Upande huu ukabaki nusu ya mtu, na upande ule yeye akabanwa kwa mnyororo na kikombe yake.

"Unanifinya," akasema.

"Kunywa chai."

Mpaka leo mimi hukaa hapo katikati. Wageni wanaona ni uchoyo. Huyo mjane akipita kwa barabara anatupungia mkono, anauliza kama hakuna nafasi ya mtu mmoja. Namwambia alete chumvi tutaona.