Aliyemwitikia Chiriku

Mama Pasi hakuwa mtu wa kuimba mbele. Muulize yeyote pale mtaani, atakuambia Chiriku ndiye aliyeimba na dada yake aliitikia. Chiriku alisimama na gitaa lake la debe, kifua mbele, jasho likimtiririka, akautupa mstari hewani. Kisha alinyamaza na kugeuza shingo kidogo upande wa kushoto. Hapo ndipo sauti ya Mama Pasi ilipopanda kutoka nyuma yake, nzito, yenye mikwaruzo, ikaudaka ule mstari kabla haujagusa chini. Walianza hivyo utotoni wakipokezana ndoo njiani, na hivyo ndivyo walivyozeeka.

Wimbo uliowapa jina ni ule wa chemchemi. Kampuni ya maji ilikuja, ikaizungushia ukuta chemchemi ya mlimani ili iyatie maji kwenye chupa na kuyauza. Kijito cha bondeni, ambacho mtaa mzima ulikitegemea, kikaanza kukonda kama mgonjwa. Wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, wakaondoka na magari yao. Chiriku akatunga wimbo.

"Maji ya mlimani ya nani?" aliuliza.

"Tutayanywa kwa viganja!" dada yake akajibu.

"Nani kayafungia ndani?"

"Tutayanywa kwa viganja!"

Basi, ndiyo hivyo tu. Mtoto wa chekechea angeushika kwa kuusikia mara moja, na ndiyo maana uliwakera wenye ukuta. Watu waliuimba wakipanda miche kandokando ya kijito. Waliuimba siku walipokaa ndani ya mtaro wa mabomba na kukataa kutoka, mpaka walipobebwa mmoja mmoja kama magunia. Redioni haukupigwa hata siku moja. Walisema umerekodiwa vibaya. Ulirekodiwa vibaya kweli, jikoni kwa Chiriku, sufuria zikisikika. Lakini tusidanganyane, hazikuwa sufuria zilizowatisha.

Wakati ule Mama Pasi alikuwa akifanya kazi mjini kwa dobi mmoja mkubwa. Siku iliyofuata ule mkasa wa mtaro, gazeti lilitoa picha yake akiwa amekaa kwenye tope kando ya kaka yake, mdomo wazi mpaka koo linaonekana. Dobi alimsubiri mlangoni.

"Mama, sare za kampuni ya maji zinafuliwa hapa. Nitampa nani azipige pasi, wewe unayewatukana?"

Mama Pasi akamwaga unga hivyohivyo, akiwa amesimama pale mlangoni. Alirudi nyumbani, akaweka meza barazani, akatandika blanketi juu yake, akatafuta pasi ya mkaa. Jina la Mama Pasi lilianzia hapo. Chiriku alipokuja kumpa pole alimwambia, "Usijali, mdogo wangu, tutakula wimbo."

"Wimbo hauna mchuzi, kaka."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na jioni wakaenda kuimba msibani mtaa wa pili.

Alivuta moshi wa ile pasi miaka yote. Kola zake zilisimama kama zimekatwa kwa kisu, na walimu, makarani, hata mahakimu walimletea mashati. Hakuwahi kusema hadharani kwamba alijuta. Kama alijuta, alijuta kimoyomoyo, siku za mvua, mkaa unapokataa kushika.

Chiriku alipoanza kuugua figo, alikwenda kliniki mjini kila wiki. Kila mara, siku moja kabla, alipita barazani na shati lake jeupe.

"Hospitali nayo inataka shati jeupe?" Mama Pasi alimuuliza. "Unakwenda kutibiwa au kuposa?"

"Daktari akiniona nimenyooka, ataona sijambo."

Akalitia wanga, akalinyoosha, akalitundika kwenye henga. Hakumtoza chochote. Nani anamtoza kaka yake?

Kisha Chiriku akafa. Mji mzima ulitembea nyuma ya jeneza. Gazeti lililokuwa likimwita mropokaji sasa lilimwita nguzo. Mheshimiwa aliyeamuru watu watolewe mtaroni alilia mbele ya kamera na kutoa kitambaa mfukoni kikiwa kimekunjwa vizuri. Wakubwa wanawapenda sana watu wa aina ya Chiriku wakishalazwa chini, maana hapo hawawezi kumkatiza mtu hotuba. Mama Pasi aliyaona yote hayo akarudi kwenye pasi yake. Yeye alikuwa amebaki na kitu ambacho hakuna mheshimiwa angeweza kukigusa. Alijua kwamba yeye na kaka yake hawakuyumba.

Miezi michache baadaye, asubuhi, seremala wa jirani alipiga kelele kutoka karakanani kwake.

"Mama Pasi! Njoo mbio! Kaka yako kafufuka, yuko redioni!"

Aliiacha pasi imesimama kwa kisigino chake, akakimbia na kanga moja. Seremala alikuwa amepandisha sauti ya redio hadi mwisho, maranda yamemjaa kichwani, anacheka kama bwana harusi. Na kweli, alikuwa Chiriku, tena akisikika kuliko alivyowahi kusikika: sauti safi, pana, fidla zikimbeba chini kama mto. "Maji ya mlimani ya nani?" Mama Pasi alivuta pumzi. Kifua chake kilijua mahali pake. Alifungua mdomo.

"Twayanywa safi chupani!"

Sauti za wasichana, laini kama sabuni, zilimtangulia.

"Nani kayatoa gizani?" Chiriku aliuliza, kwa furaha.

"Twayanywa safi chupani!"

Kisha mtangazaji akalitaja jina la kampuni, na kwamba hiyo ilikuwa zawadi ya mwisho ya msanii wa watu. Seremala aliacha kucheka. Alishusha sauti, kisha akaipandisha tena kidogo, kana kwamba shida ilikuwa kwenye redio.

"Pengine wamemwiga," alisema. "Siku hizi mashine zinaiga mpaka kikohozi."

"Simjui kaka yangu, mimi?" Mama Pasi alisema.

Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. Mjane wa Chiriku alikuwa uani anachambua mchele kwenye sinia. Alipomwona tu, mikono ilisimama.

"Umesikia," wifi alisema.

"Nimesikia nini? Niambie wewe."

"Kaa kwanza, wifi."

"Sikai. Lini alikwenda huko?"

Wifi aliweka sinia chini. "Zile siku za kliniki. Siyo zote. Nyingine alikwenda kliniki kweli."

Mama Pasi alihisi mikono inamwasha. Shati jeupe, wanga, kola iliyosimama. Alikuwa amemnyooshea kaka yake nguo za kwendea kwa wale watu, wiki baada ya wiki, tena akimtania.

"Walimpa nini? Nyumba? Gari? Liko wapi, mbona silioni?"

"Hawakumpa kitu. Ningekuambia uongo wa nini? Walimpa studio." Wifi alianza kulia polepole, bila sauti. "Alisema, nimeimbia debe maisha yangu yote, nataka kujisikia mara moja kabla sijafa. Siku waliyompigia ule wimbo kwenye yale maspika makubwa, alishika ukuta. Akaniambia, mke wangu, kumbe mimi ni mwimbaji."

"Nani alimwambia siyo mwimbaji? Watu wote wale mtaroni walikuwa wanafuata nini, debe?"

Wifi alijipangusa machozi kwa mkono wenye vumbi la mchele.

Hapo Mama Pasi angeweza kuondoka, na pengine ingekuwa afadhali. Lakini kulikuwa na neno lingine lililokuwa likimkereketa tangu karakana, na aliona aibu kulitoa kwa sababu lilimuuma kuliko chemchemi yenyewe.

"Na wale wasichana? Mimi sauti yangu ina nini?"

"Wifi, achana na hayo."

"Ina nini?"

"Walisema ina moshi."

"Walisema, au alisema?"

Wifi alichukua sinia, akaliinua, akaliweka tena chini.

"Alisema," alijibu. "Wale walitaka uwepo. Ni yeye aliyesema."

Mama Pasi hakulia wala hakupiga mtu. Alirudi barazani, akakuta pasi imepoa na blanketi limetoboka pale cheche ilipodondokea. Aliwasha mkaa upya, akapiga pasi mashati ya watu mpaka giza likaingia, kwa nguvu, kama anafuta kitu.

Wimbo ukashika. Ulipigwa madukani, kwa vinyozi, kwenye simu za watu. Kuna waliokasirika wiki ya kwanza, na wiki ya pili wakawa wanatikisa miguu. Hii ndiyo sehemu inayonikata maini ninapoisimulia. Hakuna aliyewalazimisha. Walipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nao wakageuza shavu la pili lipakwe vizuri.

Kampuni ikatangaza Siku ya Chiriku, katika ukumbi wa mji. Afisa mahusiano wake alifika barazani, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akamwamkia Mama Pasi kwa heshima zote.

"Mama, wewe ndiyo sauti ya asili. Watu wamezoea kukuona. Tutaondoa sauti za wale wasichana kwenye rekodi. Mzee Chiriku atauliza, wewe utaitikia pale jukwaani, mubashara. Watu watalia, mama yangu!"

"Moshi wangu leo mnautaka?"

Kijana alitabasamu, hakuelewa. Alitazama mkaa akadhani anaambiwa habari za pasi. "Tena moshi ndiyo uhalisia wenyewe," alisema.

"Nitakuja," Mama Pasi alimwambia.

Alijua alichokuwa akikifanya. Miaka ya nyuma, katika harusi moja, kikohozi kilimbana mahali pa kuitikia, na Chiriku alikwama palepale. Alisimama kidole juu ya waya, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, wageni wakamcheka. "Usiponiitikia nabaki kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu," alimwambia baadaye. Basi abaki hivyo. Asimame mbele ya mji mzima na lile swali lake jipya, na asijibiwe. Mama Pasi hakuwa na hotuba wala gazeti. Alikuwa na mdomo wake, na aliamua kuufunga.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Juu ya kila kiti cha plastiki paliwekwa chupa ya maji. Nyuma ya jukwaa ilitundikwa picha ya Chiriku yenye urefu wa mlango, amepigwa akiwa studio, anacheka, ndani ya shati jeupe. Mama Pasi alilitambua kwa mkunjo wa mkono. Ulikuwa mkunjo wake. Wakampa kipaza sauti, watu wakapiga vigelegele, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Huyo ndiye mwenyewe sasa!"

Fidla zikaanza. Sauti ya kaka yake ikatanda ukumbi mzima.

"Maji ya mlimani ya nani?"

Mama Pasi alifunga mdomo. Alisikia lile pengo likifunguka, akasubiri sauti ikwame.

Haikukwama. Kaka yake alikuwa akimngoja, mashine haikumngoja. Iliacha nafasi iliyopimiwa mtu mmoja kupumua na kusema maneno matatu, ikapita, ikaendelea kwa furaha ileile. "Nani kayatoa gizani?" Na mara hii, kabla pengo halijapoa, ukumbi mzima ulilijaza. Wazee wa bondeni, wafua nguo, seremala na wanawe, watu aliokaa nao kwenye tope.

"Twayanywa safi chupani!"

Walidhani amezidiwa na majonzi. Walimsaidia. Kila pengo lilipofunguka waliitikia kwa niaba yake, wakimtazama kwa upendo, wengine wakibubujikwa na machozi, na afisa mahusiano alikuwa ameweka mkono kifuani.

Wimbo ulipokwisha, Mama Pasi hakushuka. Alikisogeza kipaza sauti mdomoni. Hakuwahi kuanzisha wimbo maishani mwake, na sauti ilitoka chini mno, imekwaruza.

"Nani kayafungia ndani?"

Ulikuwa mstari wa zamani, wa mtaroni. Akageuza shingo kidogo upande wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya kaka yake, akangoja.

"Twayanywa safi chupani!" wakajibu, wakicheka na kupiga makofi.

"Hapana," alisema. "Viganja. Nyie! Tutayanywa kwa viganja. Mmesahau?"

"Rudia, mama!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Seremala, aliyekaa safu ya mbele, aliinamisha kichwa, akawa anasoma maandishi ya kwenye chupa.

Akarudia. Nao wakarudia lilelile la chupani. Akaweka kipaza sauti sakafuni, taratibu, kisije kikapiga kelele, akashuka ngazi.

Wifi yake alimkimbilia, akamkuta nje kwenye maegesho, anatembea kwa miguu mizito kati ya magari.

"Ungeitikia tu, wifi. Mara moja. Angefurahi."

"Nani angefurahi?"

"Marehemu ni marehemu. Alikupenda, unajua alikupenda. Usimwekee kinyongo mtu aliyelala."

"Nimemwitikia tangu hatujaota magego," Mama Pasi alisema. "Akitaka kuitikiwa tena, aje aniombe mwenyewe. Na aje na maneno yake ya kwanza."

Wifi alibaki amesimama na pochi mkononi. Mama Pasi alishika njia ya mtaani. Nyuma yake ukumbini, wimbo ulianza upya kwa wale waliochelewa, na maspika yaliutoa mpaka barabarani. Aliongeza mwendo. Kaka yake aliuliza, pengo likafunguka, na kifua cha Mama Pasi kikavuta pumzi chenyewe, kwa mazoea, hata bila ruhusa yake. Aliibana ndani, akatembea nayo hivyo, kifua kikimuuma, mpaka wale watu walipomaliza kujibu.