Mate ya Nyaguthii

Nilipokuwa mtoto kule Mukurweini, Uhuru ungali mpya, tulikatazwa kupita karibu na nyumba ya Nyaguthii. Alikuwa mjane mzee aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito, na watu walisema ana jicho. Akimsifu ndama, ndama anakonda; akimsifu mtoto, mtoto anaugua. Hakuna aliyembishia hodi. Hata kanisani alikaa benchi zima peke yake.

Siku moja alikutana nami njiani akasema, "Wee, umekuwa msichana mzuri!" Jioni tumbo likanikamata nikagaagaa sakafuni. Nilijua ni mapera mabichi, tena ya kuiba, lakini nani hujichongea mwenyewe? Nikamtaja Nyaguthii.

Asubuhi cucu, nyanya yangu mzaa baba, alinishika mkono hadi kwa mjane. Dawa ya jicho kwetu ilijulikana: aliyekuangalia akutemee mate ya baraka, nawe utapona.

"Ni wewe uliangalia huyu mtoto," cucu alisema, hata salamu hakutoa.

Nyaguthii aliniinamia, uso wake karibu na wangu. Niliogopa, maana akikataa tu, uwongo wangu ungefichuka.

"Ni mimi," akasema. "Hii macho yangu ni mbaya. Lete yeye hapa."

Alinitemea kifuani kidogo kidogo akinibariki, mkono wake begani kwangu. Kisha akamgeukia cucu. "Hii ugonjwa haiishi na siku moja. Rudisha yeye Jumamosi. Nitachemsha viazi tamu."

Tulirudi Jumamosi hiyo, na nyingine, na nyingine. Mwanzoni cucu alikuja kunilinda. Baadaye alikuja kwa ajili ya umbea, na wale wazee wawili wakawa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nimepona zamani.

Nilipokaribia kuolewa nilimwendea Nyaguthii nikaungama habari ya mapera.

"Nilijua," alisema. "Mdomo yako ilikuwa inanuka mapera."

"Sasa kwa nini ulikubali, cucu?"

"Ningekataa, si mngeenda zenu?"

Niliona haya, na bado naona. Lakini zaidi ya aibu hiyo, nashukuru kwamba hakutufukuza, ingawa tulistahili. Sasa nami ni mzee, watoto wangu wako Nairobi, na kuna wiki ambapo hakuna anayeita jina langu. Mtu akija leo kunishtaki kwamba nina jicho, nitamvutia kiti.