Mtutu Mapajani

Juzi, pale stendi ya Nyegezi, bunduki ya mlinzi ilininukia grisi, miguu ikanifa ganzi.

Nilikumbuka siku moja nilipokuwa mdogo, tumekaa ndani. Baba alichomoa mtutu wa shotigani yake, akauweka mapajani mwangu.

"Usisogee, mwanangu. Itafyatuka."

Nikabana pumzi. Alinusa grisi ya trekta, akaiacha. Akanusa ya baiskeli, akairudia ya trekta, kisha akaanza kupaka kwa ncha ya kidole, taratibu mno. Nje wanawake walikuwa wakipiga mayowe. Nikadhani wameona nyoka.

"Baba, nimechoka."

"Bado kidogo."

Leo najua mtutu uliochomolewa haufyatuki. Uani walikuwa wakimpitisha kaka yangu, aliyeuawa na kiboko ziwani, na baba hakutaka nimwone. Wala yeye mwenyewe hakuweza kusimama kwenda kumtazama.