Nilimchongea Kaka Yangu kwa Pande la Nyama

Nimekosa, wasomaji wenzangu. Visingizio nimeshavitumia vyote vikaniishia. Nilimchongea kaka yangu kwa padre, na yote niliyosema yalikuwa kweli. Ndiyo maana yananiuma!

Sisi ni wana wa mtu wa pwani aliyefuata misafara akalowea hapa Mpwapwa. Tulizaliwa Waislamu. Baba alipofariki tuliingia misheni, tukasoma, tukabatizwa pamoja. Mjini Waislamu wakasema tumeritadi, tumeiacha dini, salamu zetu hawaitikii. Na kule misheni Wagogo waliotutangulia kubatizwa walitutazama kwa jicho la pembeni.

"Hawa wa misafara," walisema, "leo wako huku, kesho utawasikia msikitini."

Basi padre akatafuta mwalimu wa kwenda Kibakwe. Ilikuwa ama kaka ama mimi, na mimi nilitaka mno. Lo, tamaa mbaya jamani!

Siku ya Pasaka alichinjwa ng'ombe, na mchinjaji alikuwa Mkristo. Tulikaa chini, tukala ugali wa uwele na nyama. Nikamwona kaka anatafuna, kisha anajifuta mdomo kwa pindo la kanzu, na pande la nyama linabaki humo humo kwenye pindo. Nilikwenda kwa padre jioni ile ile.

"Padre, kaka hali nyama tuliyochinja sisi. Moyo wake bado uko kule."

Jumapili iliyofuata kaka akaitwa mbele ya watu wote, akawekewa sahani ya nyama.

"Kula," padre akamwambia.

Kaka aliitazama ile sahani, akanitazama na mimi. "Yesu namwamini, padre. Ila hii haishuki kooni. Ndivyo mama alivyonilea."

Sasa sikieni ubaya wangu! Mimi mwenyewe kila tonge la nyama nalitilia bismillahi kimya kimya, midomo ikinicheza. Kaka alijua, tulikuwa tukila sahani moja tangu utoto. Angetamka neno moja tu, tungetoka wote wawili. Hakulitamka. Padre akamfukuza kanisani, naye akanyanyuka akaenda zake.

Alikwenda mjini kwa baba yetu mdogo, akafungiwa mlango. "Rudi kwa hao waliokumwagia maji!" Akakosa pa kulala. Mwishowe akajiandikisha upagazi, akabeba mizigo ya Wadachi, hao Wajerumani wa serikali, kuelekea Kilimatinde. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na katika nyika ile ya Marenga Mkali hakuna tone la maji. Homa ikamwangusha njiani, akafa.

Wapagazi wenzake walinisimulia. Waislamu walisema, huyu si wetu, alibatizwa. Wakristo wakasema, huyu alifukuzwa kanisani. Hakuna aliyemsalia! Wakamfunika matawi ya miiba, wakajitwika mizigo wakaendelea na safari.

Nilipompelekea mama habari hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa nimwombee dua ipi?" Nililia kama mtoto.

Wewe uliyebatizwa juzi, unayehangaika uaminiwe, nakusihi! Ukiambiwa utoe ushahidi wa imani yako, jitoe mwenyewe, ndugu yako mwache. Mimi niliaminiwa. Kibakwe nilipelekwa, na watu wazima wananiamkia shikamoo mwalimu. Lakini mahali alipolala kaka yangu sipajui, na hakuna anayeweza kunionyesha.